KUTOKA MEZA YA KATIBU: Mashine ilipomsahau mjukuu



Niliahidi kwamba safu hii ingezungumzia hesabu za mirathi na namna kamati yetu inavyozifanya kwa kompyuta. Nimechelewa kuitimiza ahadi hiyo kwa sababu hesabu yenyewe ilinifedhehesha mbele za watu, nami sikuona vyema kuandika kabla sijajua kosa lilikuwa wapi. Sasa nimelijua. Naomba univumilie, kwani ndani ya maelezo haya mna mambo ya kompyuta ambayo si kila mmoja wetu ameyazoea. Lakini mwisho wake ni haki ya yatima, na hilo linatuhusu sote.

Ilikuwa baada ya swala ya Isha. Familia moja ilifika katika ofisi ya msikiti kutaka kujua mafungu yao. Marehemu alikuwa ameacha mke, binti mmoja, ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama mmoja, na mjukuu wa kike aliyezaliwa na mtoto wake wa kiume. Huyo mtoto wa kiume alitangulia mbele ya haki kabla ya baba yake, na msichana yule alilelewa na bibi yake. Gharama za mazishi zilikwishatolewa, madeni yalikwishalipwa, wala hapakuwa na wasia. Zilibaki shilingi milioni 48. Kiasi hicho nimekibadilisha kidogo ili kuisitiri familia.

Niliifungua kompyuta mpakato yangu, nikawaingiza warithi mmoja mmoja, nikabonyeza. Skrini ikaandika: mke, thumni. Ikaandika: binti, nusu. Ilipofika mstari wa mjukuu ikasimama, ikatoa maneno ya Kiingereza yenye rangi nyekundu, na programu ikajifunga.

Bi mkubwa, ambaye ndiye mjane, aliitazama skrini kisha akanitazama mimi. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, mashine imemkataa mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Maalim wetu, aliyekuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, alivuta karatasi akaandika kwa kalamu. Asili ya mas'ala ni 24. Mke ana 3, binti ana 12, binti wa mtoto wa kiume ana 4, na ndugu wa kiume anachukua 5 zilizobaki kwa kuwa yeye ni asaba. Kwa hiyo mke ana milioni 6, binti milioni 24, mjukuu milioni 8, na ndugu milioni 10. Hakutumia hata dakika mbili. Familia ilishukuru ikaondoka, nami nilibaki na kompyuta yangu iliyojifunga na swali la bi mkubwa.

Nieleze kwanza programu hiyo ilitoka wapi.

Kwa muda mrefu kamati ilitumia jedwali la Excel. Jedwali hilo lilikuwa na maradhi mawili. La kwanza ni kwamba yeyote aliyeligusa aliweza kubadilisha namba bila mwingine kujua. La pili ni desimali. Theluthi ni theluthi, wala si 0.33, na ukiiandika kwa desimali lazima uikate mahali fulani. Makato hayo yakijumlishwa kwa warithi wanane au tisa, hesabu ya mwisho inagoma kukutana kwa shilingi kadhaa, na shilingi kadhaa zinatosha kuzua maneno katika nyumba yenye msiba.

Ndipo nilipoanza kujifunza jioni, baada ya darsa, lugha ya kompyuta iitwayo Haskell. Ni miongoni mwa lugha zinazoitwa za kifankisheni. Fankisheni ni kanuni: unaipa kitu, inakupa jibu, na ukiipa kitu kilekile kesho itakupa jibu lilelile. Haina kumbukumbu ya siri wala haibadilishi kitu kilichoandikwa nyuma yake. Ukitaka thamani mpya unaandika nyingine mpya, na ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Mtu aliyewahi kushika daftari la hazina ya msikiti ataelewa mara moja: mhazini mwaminifu hafuti mstari wa jana, anaandika mstari mwingine wa kuusahihisha. Na mirathi yenyewe ni fankisheni. Warithi walewale na mali ileile hutoa mafungu yaleyale, awe anayehesabu ni Maalim wetu au mwanachuoni wa Baghdad wa miaka 1,200 iliyopita.

Sikuutaja mji wa Baghdad kwa bahati. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika huko, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, kitabu chake cha al-jabr, na jina la aljebra linatokana na kitabu hicho. Jina lake mwenyewe ndilo lililozaa neno algoriti, ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta hukutana nalo siku ya kwanza. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Hesabu hizi hazikuletwa kwenye kompyuta juzi.

Haskell ilinifaa kwa mengi. Ina namba za sehemu kamili ndani yake, kwa hiyo theluthi inabaki theluthi mpaka hatua ya mwisho. Tena ni lugha ambayo wenyewe huiita mvivu, kwa maana kwamba haihesabu kitu mpaka kihitajike. Uvivu huo ndio uliosababisha mafungu ya mke na binti yatokee kwenye skrini kabla ya kukwama kwa mjukuu: programu ilikuwa haijaligusa fungu lake mpaka ilipotakiwa kuliandika. Lugha isiyo mvivu, kwa mpangilio uleule, ingekwama kabla ya kuandika chochote.

Usiku ule niliutafuta mstari wa kosa, nikaupata. Katika sheria, binti wa mtoto wa kiume ana hali kadhaa. Marehemu akiwa na mtoto wa kiume aliye hai, mjukuu huyo hazuki. Marehemu akiwa hana mtoto kabisa, mjukuu husimama mahali pa binti. Mabinti wakiwa wawili au zaidi, theluthi mbili yao imekwisha, naye hapati ila awepo mjukuu wa kiume wa kumfanya asaba. Na binti akiwa mmoja, huyo huchukua nusu, kisha mjukuu hupewa sudusi ili kukamilisha theluthi mbili. Hali hii ya mwisho sikuiandika. Sikuikosea, niliisahau tu.

Nilipomweleza Maalim alicheka, akanikumbusha kisa kilichopokewa kwa Bukhari. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) aliulizwa juu ya binti, binti wa mtoto wa kiume, na dada. Akampa binti nusu na dada nusu, kisha akamwelekeza muulizaji aende pia kwa Ibn Mas'ud (r.a.). Ibn Mas'ud hakukubaliana naye. Alihukumu kama alivyohukumu Mtume (s.a.w.): binti nusu, binti wa mtoto wa kiume sudusi, na kinachobaki ni cha dada. Habari zilipomrudia Abu Musa hakuona haya kuikubali elimu ya mwenzake. "Basi umekosea mahali palipomteleza mtu bora kuliko wewe," Maalim akaniambia. "Lakini yeye alimtuma mtu akaulize. Wewe ulimtuma nani?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye lugha nyingine.

Katika darsa la Jumamosi tunaye kijana anayesomea kompyuta chuo kikuu. Nilimwonyesha kosa langu. Akaniambia, "Ustaadh, kompaila ya Haskell ingekueleza kwamba kuna hali hukuiandika. Ila ulitakiwa uiombe." Kompaila, kwa asiyejua, ni programu inayosoma ulichoandika na kukigeuza kiwe kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Kompaila ya Haskell iitwayo GHC ina maonyo mengi mazuri, na onyo la hali iliyosahauliwa ni mojawapo, lakini halitoki mpaka mwandishi aliwashe. Mimi sikuwa nimeliwasha. Kosa ni langu, si la lugha. Ni sawa na mtu mwenye taa nyumbani anayejikwaa gizani.

Kijana akaendelea: "Jaribu OCaml. Huko onyo hilo halisubiri kuombwa."

OCaml na Haskell ni ndugu, ingawa malezi yao ni tofauti. Ukoo wa kwanza unatokana na lugha ya ML, iliyobuniwa na Robin Milner na wenzake huko Edinburgh katika miaka ya 1970. Wafaransa wa taasisi ya INRIA walijenga tawi lao wakaliita Caml, na OCaml yenyewe ikatoka mwaka 1996. Haskell ilizaliwa na kamati ya wanazuoni iliyokubaliana mwaka 1987 kuunganisha nguvu, na maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1990. Mimi nikiwa mtu wa kamati nilipenda kusikia kwamba kuna jambo zuri liliwahi kutoka kwenye kamati. OCaml nayo ina historia ya kazi nzito: kompaila ya kwanza ya lugha ya Rust iliandikwa kwayo, na chombo kiitwacho Astrée, kilichotumika kukagua programu za kuongozea ndege za Airbus, kimeandikwa kwayo pia.

Nilianza kazi Ijumaa usiku, wakati bando la usiku ni nafuu. Kompyuta yangu ni ya zamani, inatumia Linux, na nafasi iliyobaki ndani yake si kubwa. Chombo cha kwanza kinaitwa opam. Kazi yake ni kuleta kompaila na maktaba unazohitaji, na kuviweka kila kimoja mahali pake. Mara ya kwanza opam iliijenga kompaila hatua kwa hatua ndani ya mashine yangu, feni ikalia kama pangaboi bovu la msikitini, nami nikaenda kuswali rakaa zangu nikarudi ikiwa bado inaendelea. Baada ya hapo haikunisumbua tena kwa hilo.

Chombo cha pili ni dune, ambacho ndicho kinachojenga programu. Hapa niliona tofauti ya kwanza ambayo hata mke wangu aliiona. Nikibadilisha mstari mmoja, jibu la kompaila linarudi kabla sijainua kikombe cha kahawa. Kwa Haskell, katika mashine hii hii, nilizoea kusubiri. Kwa mtu mwenye saa moja tu kati ya Maghrib na Isha, upesi huo si anasa.

Sikukosa mashaka. Kuna chombo kiitwacho ocamlformat ambacho hupanga maandishi ya programu yakae kwa utaratibu mmoja. Kiligoma kabisa kunifanyia kazi, na nilihangaika nusu saa nikidhani nimeharibu kitu. Kumbe kinataka kwanza kuona faili lenye jina lake ndani ya kazi yako, hata kama faili hilo ni tupu. Nilishangaa pia kukuta maelezo ya kazi moja yametawanyika katika mafaili matatu: moja la dune la kila folda, moja la mradi mzima, na jingine la opam. Na namba za sehemu kamili, ambazo Haskell huzitoa bure, hapa hazimo ndani. Nililazimika kuleta maktaba iitwayo Zarith, nayo ikadai maktaba nyingine ya mfumo iwepo kwanza. Opam ilinieleza ni ipi ikaniuliza kama iiweke, nikakubali.

Kitu kingine kidogo kilinifundisha adabu. Katika OCaml alama ya kujumlisha namba nzima si ile ya kujumlisha desimali. Ya desimali ina nukta pembeni yake. Ukizichanganya, kompaila inakataa. Siku ya kwanza niliona ni udhia. Siku ya tatu nilikumbuka lile jedwali la Excel, ambamo shilingi nzima na vipande vya desimali vilichanganyika miaka mingi bila yeyote kukataa.

Sasa nije kwenye lile lililonipeleka huko.

Sikuandika programu upya kwa kufikiri. Niliinakili ile ya Haskell mstari kwa mstari, pamoja na tundu lake, ili nione kama kijana amesema kweli. Niliwaorodhesha watoto wa marehemu kwa hali nne: yupo mtoto wa kiume, hakuna mtoto, binti mmoja, mabinti wawili au zaidi. Katika kanuni ya mjukuu niliandika hali tatu tu kama mwanzo. Nikaijenga.

Dune ilikataa. Kompaila iliupigia mstari ule mahali pake, ikaniambia kwamba mgawanyo wa hali haujakamilika, na kwamba mfano wa hali isiyoshughulikiwa ni huu: binti mmoja. Iliandika jina lilelile nililolitunga mwenyewe. Kwa OCaml peke yake hilo ni onyo tu. Lakini dune, katika mpangilio wake wa kawaida wa kutengeneza, huligeuza kuwa kosa, na programu haijengwi mpaka ulishughulikie.

Nilikaa kimya kidogo. Lile ambalo bi mkubwa aliliona mbele ya ndugu zake, ningeliona mimi peke yangu chumbani, kabla ya mtu yeyote kufiwa.

Nilipoliziba tundu hilo, likatokea la pili. Kanuni ya mama ilikuwa na hali ya marehemu kuacha watoto, ya kutoacha watoto wala ndugu, na ya ndugu wawili au zaidi, ambao humshusha mama kutoka theluthi hadi sudusi. Ndugu akiwa mmoja tu, sikuwa nimesema kitu. Hapo mama hubaki na theluthi yake. La tatu lilikuwa la dada wa baba na mama mmoja anapokutana na binti, ambapo dada huwa asaba pamoja naye. Matundu matatu, katika programu ambayo kamati iliitumia karibu mwaka mzima na kuisifu kikaoni. Niliyapitia majalada yote tuliyoyahesabu. Alhamdulillah, hakuna familia iliyokuwa na hali hizo kabla ya ile moja. Lakini hiyo ilikuwa rehema ya Mola, si umakini wa katibu.

Hapa napenda kuwa mwadilifu, kwani mtu akinunua baiskeli mpya huisema vibaya ile ya zamani. Kuna mambo ya Haskell niliyoyakosa. Katika Haskell, kanuni inayogusa ulimwengu wa nje, kama kuandika faili au kuuliza mtumiaji, hujulikana kwa aina yake. Imetiwa alama, haiwezi kujificha kati ya kanuni za hesabu tupu. OCaml haina sharti hilo. Siku ya tano niligundua kwamba katikati ya kanuni ya kugawa mafungu nilikuwa nimeacha mstari unaoandika kwenye faili la majaribio, na hakuna aliyenikemea. Katika lugha ya kwanza mstari huo usingepita kimya. Nilikosa pia Hoogle, mahali ambapo Haskell hukuwezesha kutafuta kanuni kwa kueleza tu inapokea nini na inatoa nini.

Wala kompaila ya OCaml si mlinzi asiyedanganyika. Ipo alama ya kistari cha chini ambayo maana yake ni "hali nyingine yoyote". Ukiiweka mwisho wa kanuni na kuandika kwamba hali nyingine yoyote haipati kitu, kompaila huridhika, na mjukuu anapata sifuri bila rangi nyekundu wala kukwama. Hilo lingekuwa baya kuliko fedheha yangu, kwa sababu tungeliamini. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: katika kanuni za warithi alama hiyo haitumiki. Kila hali itajwe kwa jina lake.

Nilidhani nimemaliza, nikampelekea Maalim aijaribu. Alianza na mas'ala yanayojulikana na kila mwanafunzi wa faraidh. Mume na dada wawili: nusu na theluthi mbili zinazidi moja kamili, kwa hiyo inaingia aul, asili inapanda kutoka 6 hadi 7, na mume anapata 3 kati ya 7. Programu ikajibu hivyo hivyo. Akaingiza mke, mabinti wawili, baba na mama, ile iitwayo ya mimbari, ambayo imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliijibu akiwa juu ya mimbari. Asili ya 24 ikapanda hadi 27, na thumni ya mke ikawa 3 kati ya 27, yaani tusui. Programu ikapata. Nikaanza kutabasamu.

Akaingiza mume, mama na baba. Programu ikampa mume nusu, mama theluthi, na baba sudusi iliyobaki.

"Hapana," akasema Maalim.

Nilikuwa nimeisahau Umariyya, au tuseme sikuwa nimeielewa vya kutosha. Wapo mume au mke pamoja na wazazi wawili tu, jumhuri ya wanachuoni, wakifuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.), humpa mama theluthi ya kinachobaki baada ya fungu la mume au mke, si theluthi ya mali yote. Kwa hiyo mume ana nusu, mama sudusi, na baba theluthi. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai nyingine, lakini madhehebu manne yamekwenda na hukumu ya Umar. Na kompaila? Ilinyamaza. Hali zote zilitajwa, hakuna tundu hata moja, kila mstari ulikuwa halali. Jibu tu ndilo halikuwa sahihi.

Kompaila inaweza kunionyesha nilichokisahau. Haiwezi kunifundisha nisichokijua. Kwa hilo la pili bado namhitaji Maalim na kitabu chake. Tumekubaliana utaratibu. Yeye anaandika mas'ala kwa mkono wake katika daftari, pamoja na majibu. Mimi nayaingiza kama majaribio, na kila ninapobadilisha chochote, dune huyaendesha yote. Moja likikosa, programu mpya haitoki. Mpaka leo yamefika 41. Umariyya zote mbili zimo. Kisa cha Abu Musa na Ibn Mas'ud kimo. Na mas'ala ya bi mkubwa yamewekwa ya kwanza kabisa, bila jina lake.

Kitu kingine tumekibadilisha. Zamani programu ilikadiria kila fungu hadi shilingi nzima na kuificha tofauti. Sasa, kama mali haigawanyiki sawasawa, inaandika wazi ni shilingi ngapi zimebaki, na warithi wenyewe wanakubaliana zifanyiwe nini. Kuzificha kulikuwa rahisi zaidi, lakini si mali yetu.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza haya yanaihusu nini nyumba yako. Yanaihusu kwa namna hii. Programu za kuhesabu mirathi siku hizi ni nyingi kwenye simu, na vijana wetu huzipakua siku ileile ya msiba. Sisemi msizitumie. Nasema kwamba aliyeiandika ni mtu kama mimi, ambaye huenda alisahau hali moja usiku mmoja akiwa amechoka, na simu haitakwambia hivyo. Jibu la simu lipelekeni kwa mwenye elimu kabla ya kugawa hata kijiko. Na mkifika kwetu, njooni na orodha kamili ya warithi, pamoja na wajukuu wa watoto waliotangulia, kwa sababu hao ndio husahauliwa na watu kabla ya kusahauliwa na mashine.

Kwa wazazi wenye watoto wanaopenda kompyuta, hasa wale wanaohifadhi na kusoma faraidh: waacheni wajaribu lugha zaidi ya moja. Sikuiacha Haskell kwa kuichukia, na nimerudi kwake mara mbili tangu hapo, safari hii maonyo yote yakiwa yamewashwa. Lugha ya pili ilinionyesha nilichokuwa nakifanya vibaya katika ile ya kwanza. Anayejua njia moja tu ya kufika sokoni hajui kama njia hiyo ni ndefu.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa bi mkubwa na kompyuta yangu. Msichana yule alikuwa anafanya kazi za shule mezani. Nikawaingiza warithi walewale, nikabonyeza, na mistari minne ikatoka: milioni 6, milioni 24, milioni 8, milioni 10. Nilimwonyesha bi mkubwa mstari wa tatu. Aliutazama kwa muda, akamwita mjukuu wake aje ausome kwa sauti. Msichana akausoma. Kisha bibi akaniambia, "Sasa mwanangu, iulize tena, nione kama haitabadilisha maneno."

Nikaiuliza tena. Haikubadilisha.

Allah atuepushe na dhulma ya kukusudia na ya kusahau. Tukutane wiki ijayo, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.